Mjadala: Serikali inanijua kwenye kodi, kwa nini nihangaike kujiandikisha kupiga kura?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanikereketa siku nyingi. Serikali inanijua vizuri tu. Nilipozaliwa iliniandika, nikichelewa kulipa kodi inanipata, nikisajili laini ya simu inachukua vidole vyangu. Ila ikifika zamu ya kuchagua watawala ndipo inajifanya hainifahamu. Nifunge safari, nipange foleni, nipigwe picha, niweke vidole tena, na nikipitwa na tarehe ya mwisho, haki yangu inakaa kabatini mpaka uchaguzi mwingine.

Hoja yangu: daftari la wapiga kura liwe kazi ya serikali. Raia akitimiza miaka 18, jina liingie lenyewe. Sweden na Ujerumani hakuna foleni ya kujiandikisha, majina yanatoka kwenye rejesta ya wakazi na taarifa ya kituo inaletwa nyumbani kwa posta. Jimbo la Oregon kule Marekani, tangu 2016, ukishughulikia leseni ya udereva jina linaingia, na asiyetaka ndiye anayeandika kukataa. North Dakota ndio kabisa: usajili wa wapiga kura waliufuta 1951.

Wanaosema kujiandikisha ni kipimo cha uzalendo waje wanieleze uzalendo huo unapimwaje kwa mama aliyesimama foleni tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Karibuni.

Mchangiaji 1

Mkuu, umeanza katikati. Tuambie kwanza kura yenyewe inasaidia nini. Mimi nilipiga mara mbili, tangu hapo nimehama nyumba mara mbili pia, na kilichobadilika ni mwenye nyumba tu. Kura yangu ni tone baharini. Hata mkiniandikisha nikiwa usingizini, siku yenyewe sitoki.

Mchangiaji 2

Tone baharini, eh? Zanzibar, Januari 1961, jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na chama cha ASP kwa tofauti ya kura moja. Moja, si mia. Matokeo ya jumla ya vyama yakawa ASP viti 10, ZNP 9, ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili kwa ZNP mmoja kwa ASP, ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuundika, ikabidi watu warudi kupiga kura Juni. Fikiria mtu aliyebaki nyumbani Chake Chake siku ile akijiambia kura yake ni tone.

Na si zamani tu. Virginia, Marekani, uchaguzi wa 2017, wagombea wawili wa Baraza la Wawakilishi la jimbo walifungana kura 11,608 kwa 11,608. Januari 2018 majina yao yakatiwa kwenye bakuli, likachotwa moja. Kiti hicho ndicho kilichoamua nani awe na wingi barazani.

Lakini sitakudanganya, ndugu yangu, mambo hayo ni ya nadra, na anayekuhimiza kupiga kura kwa hadithi hizo peke yake anakuuzia bahati nasibu. Sababu inayonishika mimi ni nyingine. Wanasiasa wanalisoma daftari kuliko wanavyosoma ilani zao. Wanajua mtaa upi una watu wengi walioandikishwa na rika lipi huwa halitokei. Mtaa usiokuwemo daftarini hauombwi kura, na usioombwa kura hauahidiwi hata uongo.

Mchangiaji 3

Niliwahi kuwa karani mwandikishaji, kwa hiyo nisemee upande wa nyuma ya meza.

Mleta mada anadhani mashine ikichota majina kutoka kwenye kanzidata ya vitambulisho, kazi imeisha. Sawa, na wasiokuwemo kwenye kanzidata? Siku moja alikuja mzee mfyatua matofali. Vidole vyake vimelika, laini kama kokoto ya mtoni. Mashine ikakataa kidole gumba, ikakataa cha shahada, ikakataa mkono wa pili. Tulifuta kioo, tukamfuta vidole kwa kitambaa kibichi, tukajaribu tena na tena, mwishowe kikasoma kidole cha mwisho, kile kidogo. Watu wakapiga makofi. Mzee huyo hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kwenye huo mfumo wenu wa kujiendesha angetoka wapi? Foleni mnaitukana, lakini foleni ilimpata.

Maana yake nini? Ukiondoa dawati la kujiandikisha hujaondoa mlango. Umeuhamishia kwenye ofisi ya vitambulisho tu, na huko hakuna wakala wa chama anayekodoa macho.

Halafu naona wengi mnabishana bila kujua utaratibu, wacha niuseme. Sheria zinatofautiana nchi na nchi, ila mwendo ni mmoja. Uwe raia, uwe umetimiza umri (kwingi ni 18, Austria walishusha hadi 16 mwaka 2007), na kwenye nchi nyingi uandikishwe unapoishi. Kama siku ya kujiandikisha una 17 lakini utakuwa umetimiza 18 ifikapo siku ya kura, uliza, sehemu nyingi wanakuandikisha. Unakwenda na kitambulisho, unajaza fomu, na palipo na mfumo wa alama za vidole unapigwa picha na kuweka vidole. Hapo hapo, kabla hujainuka kitini, soma jina lako kwenye skrini au kwenye kadi. Herufi kwa herufi! Karani kaandika mamia ya majina tangu asubuhi, macho yamechoka.

Baadaye kuna kipindi ambacho watu hukidharau nacho ndicho chenye nguvu: uhakiki. Daftari la awali linawekwa wazi, kila mtu anaangalia jina lake, anarekebisha, na anaweza kumwekea pingamizi asiye na sifa au jina la marehemu lisilofutwa. Wanaolia siku ya kura wengi wao wangelia wiki hiyo, wangesaidiwa. Na usijiandikishe sehemu mbili eti ujihakikishie, hilo ni kosa la jinai sehemu nyingi.

Mchangiaji 4

Kaka karani, nakuheshimu, lakini hilo la "wangelia wiki hiyo" limenichoma. Mimi nilihakiki. Herufi moja ya jina la ukoo ilikosewa, nikaenda kurekebisha, nikaambiwa tayari. Siku ya kura nimefika asubuhi na mapema, karatasi za majina zimebandikwa ukutani, nazipitia kwa kidole mstari kwa mstari, aliyenitangulia yupo, anayenifuata yupo, mimi sipo. Kumbe limesahihishwa nusu, likapelekwa kituo kingine. Nilizunguka vituo vitatu. Nilipiga, ndiyo, ila jua lilikuwa limeshainama. Mwenye kibarua asiyeruhusiwa kukosa kazini angeacha.

Ndiyo maana mimi nipo na mleta mada. Anayetaka kukunyima kura hana haja ya kukunyang'anya haki, anachezea daftari. Marekani, watu weusi haki ya kupiga kura waliandikiwa kwenye katiba 1870. Majimbo ya kusini hayakuifuta. Yaliweka kodi ya kulipa kabla ya kupiga kura, yakaweka mtihani wa kusoma na kufasiri katiba ambao msahihishaji ni karani mweupe mwenyewe. Mississippi, kufikia 1965, katika kila weusi 100 wenye umri wa kupiga kura walioandikishwa hawakufika 7. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ikasainiwa Agosti mwaka huo, serikali kuu ikapeleka waandikishaji wake, na kufikia 1967 walikuwa karibu 60 katika kila 100. Watu ni wale wale! Kilichobadilika ni nani amekaa nyuma ya meza.

Mchangiaji 5

Dada, historia umeipiga sawasawa, ila hitimisho mnalikimbilia. Tazameni Chile, maana wao wamejaribu karibu kila kitu.

Madaftari yao yaliharibiwa baada ya mapinduzi ya 1973 yaliyomweka Jenerali Pinochet madarakani. Uandikishaji ukafunguliwa upya 1987, chini ya Pinochet huyo huyo, na wapinzani badala ya kususa wakahimiza watu wajiandikishe. Wakafika zaidi ya milioni 7. Oktoba 1988 swali likawa moja, Pinochet aendelee au asiendelee, na "hapana" ikapata karibu asilimia 56. Daftari lililofunguliwa na dikteta ndilo lililomtoa.

Sasa sehemu ya pili. Sheria yao ilisema kujiandikisha ni hiari, ila ukishajiandikisha kupiga kura ni lazima. Vijana wakaona huo ni mtego, hawakujiandikisha. 2012 wakageuza: jina linaingia lenyewe, kupiga kura ni hiari, yaani ndoto ya mleta mada. Waliojitokeza wakapungua, na uchaguzi wa rais wa 2013 hawakufika hata nusu. Ilipofika kura ya maoni ya katiba, Septemba 2022, kura ya lazima ikarudishwa, wakajitokeza zaidi ya asilimia 85.

Kwa hiyo jina kuwa daftarini ni jambo moja, miguu kufika kituoni ni jingine.

Mchangiaji 1

Haya, tumefika kwenye kulazimishana. Kutopiga kura nako ni kauli. Sijavutiwa na yeyote, nilazimishwe kumchagua nani?

Mchangiaji 2

Hakuna anayekulazimisha kumchagua mtu. Australia wana sheria ya lazima tangu 1924. Uchaguzi wa kabla yake walijitokeza chini ya asilimia 60, wa 1925 wakapita 91. Faini ya kutotokea ni dola 20 na kura ni siri, kwa hiyo unaweza kuitumbukiza karatasi tupu ukaenda zako. Kauli yako itahesabiwa kama kura iliyoharibika. Ukikaa nyumbani, nani atajua kama umesusa au umelala?

Mleta mada

Nakiri mzee wa matofali kanipiga. Nilikuwa nawaza mtu mwenye makaratasi kama mimi. Basi narekebisha hoja: majina yaingie yenyewe kwa walio kwenye kumbukumbu, na dawati libaki wazi kwa wasiokuwemo, mwaka mzima, si wiki mbili za mbio kabla ya uchaguzi. Sijashawishika kwamba mashine na foleni haviwezi kuishi nyumba moja. Na karani, ukikosea herufi, gharama ya kurekebisha iwe kwako, si kwa dada wa watu kuzunguka vituo vitatu.

Halafu wewe Mchangiaji 1, umesema umehama mara mbili. Taarifa zako ulizihamisha?

Mchangiaji 1

Kuhamisha nini? Si nina kadi?

Mchangiaji 3

Kadi unayo, jina lipo kule ulikohama. Mara nyingi halikufuati lenyewe, mpaka uombe.

Mchangiaji 1

Mwisho lini?