Naomba ushauri: simu na pawabenki ya kwenda nayo Sauti za Busara

Wakuu, habari zenu. Februari nataka kurudi Zanzibar kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, kisha nizunguke Jambiani kwa baiskeli. Safari iliyopita simu ilizima saa tatu usiku, taarab ndiyo kwanza inakolea pale Ngome Kongwe. Nikarudi gesti naulizia njia vichochoroni! Kibaya zaidi, video nilizorekodi karibu na spika zinakwaruza tu, besi imemmeza mwimbaji.

Betri yangu ni mAh 5,000, pawabenki 10,000, lakini haiijazi hata mara mbili. Ninunue ya 20,000, au kuiweka simu hali ya ndege nikirekodi kunatosha? Kuna programu ya kupunguza nguvu ya maiki? Na mchanga wa ufukweni mnaukwepaje? Bajeti haizidi elfu 80.