Hong Kong soko huria, mbona maskini wake wanaishi nyumba za serikali?

Fremu_ya_Kongo:
Habarini wadau. Jana dukani tumebishana mpaka wateja wakaacha kuulizia bei wakaanza kuchangia mada. Jirani yangu wa fremu anataka TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, ifutwe, kila mtu apambane na hali yake. Mfano wake ni Hong Kong: mzigo unaingia bila ushuru wa forodha, kodi ya mshahara asilimia 15 hivi, serikali imekaa pembeni na mji umetajirika. Mimi nimekwenda kuchukua mzigo mara kadhaa, nalala Chungking Mansions, nageuza. Nilichoambulia ni ghorofa na bei. Walioishi kule mtusaidie: maskini wa Hong Kong anashikwa mkono na nani? Serikali, wahisani, au hashikwi?

Mpemba_wa_Apliu:
Niko huku tangu 2011, nauza simu zilizotumika mtaa wa Apliu, Sham Shui Po. Huyo jirani yako aje nimtembeze, wala hatutapanda basi.

Kutoka kwenye meza yangu hadi Shek Kip Mei ni kwa miguu tu. Usiku wa Krismasi 1953 mabanda ya wakimbizi kutoka China bara yaliungua pale, watu zaidi ya 50,000 wakakosa pa kulala. Serikali ya Mwingereza, iliyokuwa na mkono wa birika kama wote mnavyomjua, ikaanza kujenga maghorofa yenye umbo la herufi H. Chumba futi za mraba 120 kwa familia nzima, pango dola 14 za huku kwa mwezi, mabomba na vyoo vya kuchangia katikati ya jengo. Juu ya paa wakaweka shule! Serikali inatoa paa, makanisa na vyama vya hisani vinaleta walimu. Jengo moja bado lipo, Mei Ho House, sasa ni hosteli ya wageni na makumbusho madogo. Vyumba kadhaa wamevipanga kama vilivyokuwa, na ukisimama mlangoni unajiuliza hao watu walikuwa wanapishana vipi.

Ilikuwa huruma? Kidogo. Mabanda yalikalia ardhi yenye thamani, na ukiwapanga watu juu kwa juu ardhi inabaki.

Hapo kwenye ardhi ndipo jirani yako alipopotea. Ardhi yote ya Hong Kong ni ya serikali, isipokuwa kiwanja cha kanisa kuu la St John. Tajiri ananunua miaka ya kukitumia kiwanja tu, kwa mnada au zabuni, na fedha hizo ndizo zimeifanya kodi ya mshahara iwe ndogo. Kwa hiyo kodi tunailipa sana, ila inapitia kwenye pango. Mimi nakaa chumba kilichokatwa ndani ya nyumba ya mtu. Jiko liko juu ya choo, nikikaanga samaki taulo linanuka wiki nzima.

Hata Cowperthwaite, aliyeshika hazina 1961 hadi 1971 na watu wa soko huria wanamsujudia, aligoma hata kukusanya takwimu za pato la taifa. Lakini miaka hiyo hiyo yake nyumba za serikali hazikusimama kujengwa. Kisha gavana MacLehose akaahidi mwaka 1972 nyumba za watu milioni 1.8 kwa miaka 10. Hakufikisha, lakini alijenga. Leo karibu nusu ya wakazi wako kwenye nyumba za serikali au walizouziwa kwa ruzuku.

Wahisani wapo, tena wa zamani. Tung Wah, hospitali ya hisani, ilianzishwa 1870 na wafanyabiashara wa Kichina. Siku hizi hospitali zake ziko ndani ya mfumo wa umma. Jockey Club ndiyo peke yake yenye ruhusa ya kamari ya farasi, na faida inajenga zahanati na shule. Mimi Muislamu, nimetibiwa kwenye jengo lenye jina la klabu hiyo. Allah atusamehe. Jumamosi asubuhi utakuta vijana na mifuko ya sadaka kila kona ya kituo cha treni; ukitia sarafu wanakubandika stika kifuani, na wengine hawakusumbui tena. Nao lazima wawe na kibali cha serikali.

Hesabu_Kali:
Mkuu umetembea vizuri lakini umeruka swali. Utajiri uliletwa na viwanda na bandari huru, nyumba za ruzuku zilikuja kula. Na hizo nyumba si foleni yake imewahi kupita miaka mitano? Hilo ni soko, au ni matatizo ya serikali kujifanya mwenye nyumba?

Mpemba_wa_Apliu:
Foleni ni kweli, na serikali inapouza ardhi kidogo kidogo ili bei isishuke, lawama ni yake. Hapo tuko pamoja. Lakini fundi wa kiwanda cha plastiki aliyelipa pango dola 14, bosi wake alimlipa mshahara gani? Mdogo, na akauza nje kwa bei ya kutupa. Ruzuku ile ililiwa na tajiri pia. Na Agosti 1998 walanguzi walipoishambulia dola ya huku, serikali hiyo hiyo "iliyokaa pembeni" ilinunua hisa sokoni za dola bilioni 118 za Hong Kong. Sikuwasikia watu wa soko huria wakirudisha chenji.

Bint_Kwerekwe:
Shikamoo mzee wa Apliu. Huku Unguja tuna pencheni jamii tangu 2016, ukifika miaka 70 unapewa, hawakuulizi una mtoto Muscat au huna. Kwao vipi?

Mpemba_wa_Apliu:
Marahaba mwanangu. Miaka 70 vilevile, hawakaguliwi mali. Chini ya hapo, kuanzia 65, wanakupima kwanza. Ila haitoshi pango. Jioni nikifunga meza huja bibi mmoja kuchukua maboksi ya simu. Anayakanyaga moja moja, anayafunga kamba kwenye toroli, anasukuma hadi kwa mnunuzi wa makaratasi. Mgongo umepinda kiasi kwamba toroli ndiyo inayomshikilia. Ana watoto. Na msaada mkubwa zaidi, ule wa wasiojiweza, hadi 2017 mzee aliyeishi peke yake alihitaji mtoto wake aandike kwa saini kwamba hamtunzi mzazi. Wewe ungemwambia mwanao akatie saini hiyo? Wengi walichagua maboksi.

Hicho ndicho ninachomwambia jirani yako, Fremu: serikali kuwabana maskini kupo huku, na kunaonekana saa kumi na mbili jioni mtaani kwangu.

Fremu_ya_Kongo:
Nimemsomea, kanyamaza, kisha kasema "lakini mji ni tajiri". 😂 Mzee, mie mgeni nikiugua huko?

Mpemba_wa_Apliu:
Kuanzia 2017 hadi 2025 mwenye kitambulisho cha mkazi alikuwa analala wodi ya serikali kwa dola 120 kwa siku, mgeni 5,100. Kata bima ya safari kabla hujapanda ndege, na uniletee karafuu nusu kilo.