Mjadala: Je, mabaki ya chakula yatiwe kwenye matofali ya saruji hapa Mwanza?

Mtoa hoja, Nyamagana:
Ndugu zangu, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga kuna vilima vya pumba ngumu ambazo hata ng'ombe hawazitaki. Majivu yake yana silika nyingi, yaani madini yale yaliyomo kwenye mchanga, ambayo huungana na chokaa inayotolewa na saruji ikichanganywa na maji, hivyo pumba zikichomwa vizuri, majivu yanaweza kushika nafasi ya asilimia 10 hadi 20 ya saruji. Kwa kuwa saruji hupikwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi na huchangia takribani asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na binadamu, napendekeza halmashauri ziagize majivu hayo, pamoja na maganda ya mayai na mifupa ya sangara, yatumike kwenye majengo ya umma.

Fundi ujenzi, Igoma:
Ndugu, majivu naafiki nusu. Pumba zinatakiwa ziungue kati ya nyuzi 500 na 700 hivi, nasi matanuri yetu hatuyapimi: moto ukizidi mno, silika hugeuka fuwele na majivu hayashiki tena, na ukipungua, hubaki masizi meusi yanayonyonya maji ya zege. Tofali likivunjika, mwenye nyumba hamtafuti mkoboaji, hunitafuta mimi. Maganda ya mayai yasipochomwa hadi yawe chokaa ni kijazio tu. Viporo na maganda ya ndizi tusivitaje kabisa, kwani sukari huchelewesha saruji kushika, na samaki wa chumvi ataziharibu nondo kwa kutu.

Muuza samaki, Kirumba:
Mapanki, hiyo mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, si taka, mwanangu. Watu huyakaanga wakala, na mifupa husagwa ikawa chakula cha kuku. Anayeitaka kwa matofali aje anunue kama wengine.

Mtoa hoja:
Nimekuelewa, mama, mifupa naiondoa. Yabaki majivu peke yake, kwa kuta za uzio zisizobeba ghorofa, na kila shehena ifyatuliwe matofali ya majaribio yatakayovunjwa baada ya siku 28. Ila fundi, tanuri lenye kipimo cha joto alijenge nani?

Fundi ujenzi, Igoma:
Alijenge anayeuza majivu. Saruji nainunua ikiwa imeshapimwa kiwandani, na sioni kwa nini majivu niyapokee kwa imani.