Kwa nini Eliot aliwafundisha Wamassachusett mantiki kwa lugha yao?

Mwalimu wa Masasi: Ndugu wanajukwaa, nikiandaa kipindi cha historia ya umisionari nimekuta kwamba John Eliot, mchungaji wa Roxbury katika koloni la Waingereza la Massachusetts, Amerika, alitoa mwaka 1672 kitabu kidogo cha mantiki, yaani elimu ya kujenga hoja, kwa lugha ya wenyeji wa huko, Wamassachusett, Kiingereza kikiambatana nayo. Hapa Masasi wamisionari walifika 1876, na habari tunazozisikia ni za katekisimu, nyimbo na kusoma. Mantiki wakati wa Eliot lilikuwa somo la vyuoni, tena kwa Kilatini. Alitaka nini hasa?

Msomaji, Ndanda: Mwalimu, jibu limo katika anwani ya kitabu chenyewe, inayosema kwamba kimekusudiwa hasa wale waliokuwa walimu miongoni mwa wenyeji. Biblia nzima ilikwisha kuchapishwa kwa lugha yao mwaka 1663, lakini kuwa na Biblia ni jambo moja na kuifafanua mbele ya watu ni jingine. Eliot alitaka mhubiri wa Natick, kijiji cha wenyeji waliokuwa Wakristo, aweze kuuchambua mstari bila kumngoja mzungu. Kwa hiyo kitabu huanza na dhana mojamoja, kikaziunganisha kuwa kauli, kisha kikaonyesha jinsi kauli mbili zinavyozaa hitimisho, na mifano yake ni ya Maandiko.

Mzee wa Mikindani: Nakubaliana nawe kuhusu shabaha, ila anwani hiyohiyo inadai kuwaingiza watu hao katika elimu ya kanuni ya akili, na hapo ndipo ninaposita. Mwaka 1646, Eliot alipoanza kuwahubiria wenyeji mahali paitwapo Nonantum, walimuuliza kama Mungu huelewa sala inayoombwa kwa lugha yao. Baadaye wakamuuliza kwa nini Mungu, akiwa na uwezo wote, hamuui shetani anayewaharibu wanadamu. Tazama swali la pili lilivyosukwa: Mungu anaweza yote, shetani ni mbaya, basi kwa nini yu hai? Aliyeuliza hivyo alikuwa na kauli zake mbili tayari, miaka zaidi ya ishirini kabla ya kitabu. (Waliosoma mantiki madrasa, kwa Kiarabu, watalitambua swali hilo mara moja.)

Mwalimu wa Masasi: Ahsante, mzee wangu. Basi nitaanza kipindi na maswali ya Nonantum, kitabu kifuate.