Kikundi cha Ukoo: gumzo la Logan

Zai: Shikamooni wakubwa wote, wadogo mambo vipi. Jana usiku nimeimaliza Logan, ile muvi ya 2017 ya James Mangold, nimelia mpaka mume wangu kaja mbio kuuliza nani kafariki 😭😭

Shangazi: Marahaba mwanangu. Pole. Logan ndo yupi huyo

Salim: shikamoo shangazi, ni Wolverine yule wa makucha ya chuma, Hugh Jackman alianza kumuigiza toka 2000

Idi: Mi ile niliizima katikati. Supahiro gani anaendesha limo anabeba watu wa sherehe, anakohoa, kidonda hakiponi, hata kusoma karatasi mpaka avae miwani. Hakuna mji unaookolewa. Nikakaa nasubiri mambo yaanze wee nikachoka

Zai: Kaka Idi mambo yalikuwa yameshaanza. Ni 2029, mutanti, wale watu wa kuzaliwa na nguvu za ajabu, wote wamekwisha, hazaliwi mpya, na ile chuma ngumu ya adamantiamu waliyomwekea kwenye mifupa ndo inamuua taratibu. Kabaki yeye, na Caliban mutanti mwenzake, na mzee Charles mwalimu wake wa zamani. Mwenye nguvu keshazeeka na ana mgonjwa ndani, sasa mji auokoe saa ngapi??

Salim: na imetoka kwenye katuni ya Old Man Logan, Mark Millar na mchoraji Steve McNiven, ilianza 2008. Ila wamebadilisha karibu yote. Kule kwenye katuni anasafiri na Hawkeye, supahiro wa mishale, ambaye ni kipofu, na wajukuu wa Hulk, lile jitu la kijani, ndo wenye ardhi wanadai kodi kwa ngumi. Fox, kampuni iliyotengeneza muvi, hawakuwa na haki za Hulk wala Hawkeye kwahiyo wakachukua uzee na safari tu

Zai: Na mi naona wamefanya vizuri sana. Ule uzee na ile safari ndo moyo wake, hayo mengine yangeifanya iwe kama zile nyingine zote

Mama Junior: Junior anaiomba kila siku, nimwekee?

Zai: Hapana wifi usithubutu. Damu nyingi mno na matusi, Marekani waliipa R, chini ya 17 haingii sinema bila mkubwa wake

Mama Junior: Basi akue kwanza

Shangazi: Ipo ya kutafsiriwa? Mi Kiingereza chao cha haraka haraka kinanipita

Salim: ntakaa pembeni nikusimulie shangazi. Halafu yule mtoto Laura anayesafiri nao, kaigiza Dafne Keen, nusu ya muvi haongei kabisa, akija kufungua mdomo anamwaga Kispanyola, Logan mwenyewe hasikii kitu

Baba Mdogo: Hamjambo wanangu. Nimesoma yote. Mimi hii muvi nimeiona zamani ila sikuwahi kuiongelea humu, leo acha niseme. Idi rudi uiangalie lakini uangalie yule mzee, sio makucha. Charles ndo alikuwa mwalimu wao wote, kichwa chake serikali ya kule imekiweka kwenye kundi la silaha za maangamizi, sasa kichwa hicho hicho kinaumwa, degedege likimshika kila mtu aliye karibu anaganda palepale hawezi hata kuvuta pumzi. Logan kamficha Mexico ndani ya tangi la maji lililoanguka, anafanya kazi usiku apate hela ya dawa, na dawa zenyewe anazipata kwa kificho kwa mtu wa hospitali. Akifika nazo mzee anamwambia wewe unasubiri nife. Zai, mimi hayo maneno Babu kaniambia nimeshika bakuli la uji. Kesho yake ananiuliza mwanangu umekula.

Zai: Baba Mdogo 😭

Baba Mdogo: Kuna mahali wanasimama kituo cha mafuta anambeba mzee kumpeleka chooni, anasubiri hapo mlangoni wanajibizana. Muvi gani ya supahiro ilishaonyesha hicho? Wenye pesa zote hizo wakaona kumpeleka mzee chooni ni jambo la kuonyesha watu. Na pale hotelini Oklahoma, degedege linampata hana dawa, jengo zima limeganda, maadui wanaomsaka Laura nao wameganda na bunduki mkononi, Logan anajivuta kwa makucha ukutani hatua kwa hatua mpaka amchome sindano. Nguvu zake zote kazimalizia kumpa mzee dawa. Hiyo kwangu inapita vita vyote vya angani

Idi: Hapo sikufika Baba Mdogo. Niliishia kule jangwani wanapogonga uzio na gari

Salim: ndo maana iliteuliwa Oscar ya skripti, muvi ya kwanza ya supahiro ya waigizaji halisi kuteuliwa kwa uandishi. Haikuchukua lakini

Shangazi: Na huyo mzee anapona?

Zai: Shangazi hapana. Wanakaribishwa na familia ya wakulima, kina Munson, wanakula mezani wanacheka. Usiku mzee yupo kitandani akili zimemrudi, kakumbuka balaa alilowafanyia wenzake, anaungama kwa mtu anayedhani ni Logan. Kumbe ni yule Logan wa kutengenezwa maabara, sura ileile, anamchoma. Logan anambeba anamwambia sio mimi, sio mimi

Baba Mdogo: Hapo ndipo nilipozima nikatoka nje. Umlee mtu miaka yote halafu aondoke anadhani wewe ndo ulomuumiza. Hofu hiyo wanaijua waliokaa na mgonjwa wa kusahau, wengine mtaisikia tu

Mama Junior: Mungu atusaidie jamani

Salim: ila 2024 wamemrudisha Jackman kwenye ile muvi ya Deadpool, supahiro mwingine wa vichekesho, tena mwanzo kabisa wanafukua kaburi lake

Zai: Na mimi hiyo siitaki kabisa. Laura kamzika kwa mikono yake, kaugeuza msalaba uwe X, alama ya kundi lao la X-Men, wangemwacha apumzike. Kifo kikiwa cha kurudi rudi machozi ya watu yanakuwa ya nini sasa

Salim: dada lakini ile ni Wolverine wa dunia nyingine, wa kwetu kabaki kafa

Zai: Na mifupa yake waiache basi

Idi: Baba Mdogo, Jumamosi na Jumapili hii nakuja mimi kukaa na Babu, wewe ulale. Nielekeze tu dawa

Baba Mdogo: Karibu sana mwanangu. Ya presha asubuhi baada ya chai, ile ya kichwa usiku. Akikataa usishindane naye, toka kidogo halafu rudi, atakuwa kashasahau kama alikataa. Na chooni mshike kwapani upande wa kushoto, mguu wa kulia hauna nguvu

Shangazi: Mi ntaleta uji wa ulezi. Salim njoo na hiyo Logan kwenye flashi, Babu akilala utanisimulia