Mume wangu alisaini wosia wa Baba kama shahidi, sasa nyumba niliyoachiwa imeponyoka. Naweza kumshtaki wakili?

BintiTororo:
Habari zenu ndugu. Baba amefariki mwezi wa pili, Mama alishatangulia. Katika wosia aliniachia nyumba ya kupangisha, kaka zangu watatu wakapewa shamba. Siku ya kusaini, karani wa wakili alitia sahihi kwanza, kisha wakili akamsogezea mume wangu kalamu: "Shemeji, weka hapa tumalize." Alijua fika ni mume wangu, tulikuwa tumesalimiana mlangoni.

Juzi kaka mkubwa kaupeleka wosia kwa wakili mwingine. Kasoma ukurasa wa mwisho, kavua miwani, kasema zawadi kwa mke wa shahidi ni batili. Wosia umesimama, shamba limebaki lao, ila nyumba itagawanywa kwa watoto wote kana kwamba Baba hakuiandikia wosia. Kodi ya nyumba hiyo ndiyo karo ya wanangu. Mume wangu ni fundi magari, angejuaje? Tangu siku hiyo hali chakula vizuri.

Aliyemlipa wakili ni Baba. Mimi nina haki ya kumdai?

Mbale_Mzee:
Pole sana binti yangu. Naona mteja alikuwa marehemu, mkataba ulikuwa wao wawili. Utaingilia wapi?

KaraniMstaafu:
Mzee wangu, kwa mkataba ni kweli haingii. Anaingia kwa mlango wa uzembe. Uingereza kuna kesi ya Ross na Caunters, 1979, inayofanana na hii kama pacha: mume wa mrithi alishuhudia wosia, mawakili hawakuwa wamemwonya mwenye wosia. Mama yule alishinda, wakaamriwa wamfidie. Mwaka 1995, katika White na Jones, mahakama ya juu kabisa ya huko ikakubali tena kwamba mrithi aliyekosa urithi kwa uzembe wa wakili anaweza kudai. Hukumu hizo hazimfungi jaji wa Uganda, lakini sheria yetu ya madai imetoka huko na majaji wetu huzisoma kwa uzito.

Dada, utadai thamani ya nyumba ukitoa fungu utakalopata kwenye mgawo. Ikizidi shilingi milioni 50, hiyo ni kesi ya Mahakama Kuu. Muda wa madai ya uzembe kama huu ni miaka 6, usilale. Tafuta risiti ya malipo ya Baba, na mumeo aandike leo maneno aliyoambiwa, angali anayakumbuka. Law Council, baraza linalosimamia mawakili, pia unaweza kulalamika. Wanaweza kumwadhibu wakili, ila nyumba usitegemee kuipata kwao.

MamaKibanja:
Mimi ningeanza na kaka zako. Kama wote ni watu wazima na wanajua Baba alitaka nini, wanaweza kukuachia mafungu yao kwa maandishi, mbele ya wakili mwingine. Usisaini chochote cha kugawa nyumba kabla hujapata ushauri. Kliniki ya msaada wa sheria ya LDC (chuo cha mafunzo ya sheria) au FIDA (chama cha wanasheria wanawake) watakusikiliza hata kama huna pesa.

BintiTororo:
Mungu awabariki. Risiti nimeipata ndani ya Biblia ya Baba, ina muhuri na tarehe ileile ya kusaini. Kaka wawili wamekubali kuniachia. Mkubwa bado kanyamaza. Mume wangu ameanza kuandika, yuko mezani na daftari la mtoto.