Hi Bye, Mama!, Mystic Pop-up Bar au The Atypical Family: ipi ya kutazama nyumbani?

Kibatari: Wakuu, habari za jioni. Ijumaa ninanunua bando la kupakua tamthilia moja tu ya Kikorea, yenye mizimu au miujiza, inayochekesha na kugusa mambo ya kifamilia. Nimebakiwa na hizo tatu.

Ukwaju: Hujasema utatazama na nani, wala kama wanaweza kufuatisha maandishi ya chini. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Dau la Mwisho: Hi Bye, Mama! ya 2020, bila kusita. Kim Tae-hee ni mama aliyefariki ajalini akiwa mjamzito, akabaki mzimu kando ya binti yake, kisha akapewa siku 49 za kuwa binadamu tena. Mumewe ameshaoa, na huyo mke wa pili ni mwema kiasi kwamba mtazamaji hana wa kumchukia.

Chai Rangi: Mimi niliinunua dukani kwenye flashi, ikiwa imetiwa sauti ya mtafsiri. Mama mzazi wa huyo marehemu alipokutana tena na binti yake ambaye alikuwa ameshamzika, sebule nzima ikifuta machozi, yule bwana akaanza kutangaza namba ya simu ya duka lake na kumsalimu shemeji yake. Tuliangua kicheko mahali pasipo kicheko, na hadi leo sijaimaliza.

Ukwaju: Usiwalaumu watafsiri wote. Bibi yangu hasomi, na bila wao asingemjua hata mwigizaji mmoja wa Korea.

Kibatari: Samahani, sikueleza. Ni kwa ajili ya mama, ambaye yuko eda na ameomba mwenyewe kitu cha kuchekesha.

Chai Rangi: Basi hiyo ya siku 49 iache kwanza! Chukua The Atypical Family ya 2024, vipindi 12: ukoo wenye vipaji vya ajabu uliovipoteza kwa maradhi ya kisasa, bibi anayeota yajayo akikosa usingizi, binti anayeruka akinenepa hadi asiweze kupaa.

Dau la Mwisho: Sikubaliani. Aliyefiwa huenda ndiye atakayeielewa zaidi.

Kibatari: Nimemsimulia zote tatu. Ameuliza jambo moja tu: kwenye hiyo Mystic Pop-up Bar, ya kibanda cha pombe, wanapika nini?

Ukwaju: Mwambie ukweli, ndugu yangu. Pale wanakunywa kuliko wanavyokula.